Joto la Bangili

Ushanga wa bluu uliwaka wakati Subilaga amepiga magoti sakafuni, akimchua mama yake miguu.

Aliuona kwa pembe ya jicho. Bangili ya mama ilikuwa na shanga mbili, wa bluu kwa ajili ya Bupe, mdogo wa Subilaga aliyekuwa Singida, na mwekundu kwa ajili ya Subilaga mwenyewe. Ule mwekundu ulikuwa umezimika tangu asubuhi. Kwenye mkono wa Subilaga kulikuwa na bangili kama hiyo hiyo, na sasa ushanga wa bluu uliwaka hapo pia, taa ndogo tulivu, ukimpa habari za joto lililokwenda kwa mtu mwingine.

"Mama, unamwaza Bupe," alisema bila kuinua uso.

"Simwazi mtu. Naisikilizia mikono yako tu. Hapo hapo, kwenye kifundo."

"Ushanga umewaka."

Mama Tupokigwe akautazama mkono wake kama mtu aliyeoneshwa doa kwenye nguo ya ibada. "Basi labda amepita tu kichwani. Si mtu hupita?"

"Na mimi je? Mimi sipiti?"

"Wewe upite wapi, na umenishika mguu?" Mama akacheka kwa sauti, meno yake machache yakaonekana.

Subilaga hakucheka. Alichovya vidole kwenye dawa ya kuchua akaendelea, taratibu, kwa uangalifu uleule. Yeye ndiye aliyerudi nyumbani Rungwe ndoa yake ilipovunjika. Yeye ndiye aliyejua kikohozi cha mama cha kawaida na kile cha kuogopesha. Bupe alikuwa juu ya minara ya umeme wa upepo, akikaza nati na kupiga simu siku za Jumapili. Na bado, kila bluu ilipowaka, ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa chumba ambacho Subilaga hakuwahi kukaribishwa.

Miaka hiyo nchi ilikuwa na utaratibu wake. Vyombo kadhaa vilikwishaingia nyumbani mwa watu kwa shangwe na kuondoka vikiwa vimevunja ndoa, urafiki na usingizi. Kwa hiyo ikaamriwa kwamba chombo kipya kinachogusa mwili wa mtu hakitauzwa dukani mpaka kaya moja ikae nacho msimu mzima, kisha msemaji wake asimame mbele ya Baraza la Kesho na kueleza kimewatenda nini. Mwishoni angetamka neno moja kati ya mawili: kiwe, au kisiwe. Neno hilo halikuwa sheria moja kwa moja, lakini hakuna baraza lililowahi kulipuuza.

Kaya ilipatikana kwa kura. Mwaka huo, kwa bangili hizi, kura ilimwangukia Mama Tupokigwe na binti zake wawili, na msemaji akaandikishwa Subilaga, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

*

Nsajigwa alikuja mwanzoni mwa mwezi, mvua ikiwa imetulia. Alikuwa kijana mrefu mwenye adabu, mmoja wa waulizaji. Hilo ndilo jina walilojiita watu wa Nyumba ya Maswali, mafundi waliotengeneza vitu vya maisha ambayo bado hayajafika. "Sisi hatuuzi kitu," aliwahi kueleza siku ya kwanza. "Tunauliza. Wengine huuliza kwa maneno, sisi tunauliza kwa vitu."

Subilaga alimpa chai na maandazi, akasubiri ale kwanza, kisha akaivua bangili yake na kuiweka mezani kwa kishindo.

"Hii imeharibika."

"Ina nini, dada?"

"Haipati moto. Ya mdogo wangu inawaka mchana kutwa, yangu ni chuma tu. Si ungeipima?"

Nsajigwa aliigeuzageuza, akaigusa kwa kalamu yake ya vipimo. "Nakuomba uivae, uende nyuma ya jiko. Ukae kule pasipoonekana."

Subilaga akaenda. Alisimama kati ya migomba, akijiona mjinga, mtu mzima kama yeye kucheza mchezo wa kujificha. Alimsikia Nsajigwa akiuliza ndani, "Bibi, Subilaga yuko wapi?" Kisha sauti ya mama, "Si yuko hapo nje? Subi! We Subi!" Alipoita mara ya pili bila kujibiwa, bangili ikapata uvuguvugu. Ulikuwa mdogo, kama pumzi ya mtoto kwenye kiganja. Ukadumu kidogo, ukaisha Subilaga alipoitika.

Alirudi ndani akiwa hajui afurahi au akasirike.

"Haijaharibika," alisema Nsajigwa. "Nikueleze inavyofanya kazi. Haisomi mawazo. Ile siku tulipomkalisha mama yenu, tukamsikilizisha sauti zenu na kumpa khanga zenu azinuse, bangili ilikuwa ikijifunza. Mtu anapoingia akilini ghafla, mapigo ya moyo yanaruka kidogo, ngozi inabadilika kidogo. Kila mtu anatuletea mruko wake. Bangili imeujua wa kwako na wa mdogo wako. Ikiuona, inapeleka joto."

"Na mimi siruki."

"Wewe uko naye. Mwili haushtuki kwa mtu aliyeketi karibu. Bangili haipimi upendo, dada. Inapima ule mshtuko."

"Basi mngeiita bangili ya mshtuko! Mbona mmeandika kwenye boksi 'Bangili ya Upendo'?"

Nsajigwa aliinamisha kichwa. Alionekana kufurahi na kuona haya kwa pamoja. "Ndilo swali lenyewe tuliloleta. Watu wakiivaa, wataiita nini?"

"Na hizi shanga mbili? Kwa nini kila mtu aone fungu la mwenzake?"

"Sheria inataka chombo kisifiche kitu. Tungeweza kuficha, ingekuwa rahisi kwenu." Akasita. "Niandike kwamba inakuudhi?"

"Usiandike," Subilaga alisema haraka. "Andika inafanya kazi."

*

Kongamano la akina mama wa kanisa lilifanyika Mbeya mjini. Subilaga alikwenda baada ya kumwacha mama kwa jirani yao, Mama Ngabo, pamoja na maelekezo mengi kuliko yaliyohitajika. Siku ya pili, katikati ya wimbo, mkono wake ukapata joto.

Lilikuwa zuri ajabu. Joto lile lilikuwa kama la yai lililotoka tu kutagwa, lililoshikwa kwenye kiganja wakati wa baridi ya asubuhi. Halikuisha. Lilishuka, likapanda tena, likakaa. Ushanga mwekundu ukawaka wazi kabisa chini ya mkono wa blauzi yake, na wa bluu ukawa umezimika. Umezimika! Subilaga akaanza kulia, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ukosi, na mama mmoja wa Chunya aliyesimama kando yake akamshika bega na kumnong'oneza, "Pokea, dada, pokea. Roho amekushukia."

Wengine wakageuka. Wakaanza kumwombea kwa sauti, wakamwekea mikono kichwani. Subilaga alijua wazi kwamba aliyemshukia si Roho, ni mama yake tu huko nyumbani anayeulizia chumvi imewekwa wapi. Lakini hakusema. Alifumba macho na kuupokea ule uvuguvugu, na maombi ya watu wale yakawa kama blanketi juu yake. Baadaye, kwenye godoro la bweni, alimwomba Mungu msamaha. Aliomba kwa kweli. Ila hakuivua bangili.

Baada ya hapo alianza kupata safari.

Mara alikwenda kununua mbegu, ambazo Mama Ngabo angeweza kumgawia. Mara kumwona daktari wa macho. Mara nyingi zaidi alikwenda Kiwira kwa rafiki yake Sekela, fundi cherehani, ambaye walisoma pamoja na ambaye hakuwa na dogo.

"Umekuja tena?" Sekela alimpokea na pini mdomoni. "Juzi ulisema unafuata zipu. Zipu ngapi mtu mmoja?"

"Nimekukumbuka, ni kosa?"

"Hukunikumbuka mimi. Unakuja hapa, unaketi, unautazama mkono kama msichana anayengoja simu ya mchumba. Subi, unachumbiwa na mama yako?"

Subilaga akacheka mpaka akashika ubavu, lakini maneno yalimpata. Maana ilikuwa kweli. Alikuwa akiketi kwenye kigoda cha Sekela, chai mkononi, akingoja ule uvuguvugu kama mwingine anavyongoja mshahara. Alijifunza kwamba saa za kwanza ni za ubaridi. Mama huanza kumtafuta jioni inapokaribia, na akichelewa kurudi, joto huzidi. Basi alichelewa.

Jumapili moja Bupe alipiga simu. Upepo ulikuwa ukivuma nyuma ya sauti yake.

"Dada, hebu niambie, mama ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Bangili yangu imekuwa jiwe. Yako naona inawaka tu. Kuna nini huko?"

"Labda amekukumbuka vya kutosha," Subilaga alisema, "sasa imefika zamu ya wengine."

Bupe akasema, kwa sauti ambayo Subilaga hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto aliyenyang'anywa kitu, "Mbona unasema hivyo, Dada?"

Subilaga alijuta. Lakini hakujuta sana, na hilo ndilo lililomtisha alipokwenda kulala.

*

Siku ya ajali alikuwa amemwahidi mama kurudi kabla ya chakula cha mchana. Manyunyu yalianza, yale ya Rungwe yasiyo na haraka ya kuisha. Sekela akamwambia aondoke mapema, naye akasema atasubiri kidogo manyunyu yakatike.

Hayakukatika. Ilipopita saa tisa bangili ilikuwa ya moto. Ilipofika saa kumi, ilikuwa na joto ambalo hajawahi kulipata, joto lililopanda kwenye mkono mpaka begani. Subilaga aliinyoosha kwa Sekela.

"Shika uone."

Sekela akagusa, akauondoa mkono. "Mh! Hii ni pasi sasa. Mama yako leo amekumiss mpaka basi."

"Ndiyo anavyonipenda," Subilaga alisema. Alitaka lisikike kama utani. Aliona uso wake kwenye kioo cha kupimia nguo, unang'aa kama wa bibi harusi.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Ngabo, anahema.

"Subi, uko wapi? Mama yako tumemtoa kwenye mfereji! Alitoka akasema anakwenda barabarani kukutazamia, akateleza. Amekaa kwenye maji hatujui muda gani, anaita jina lako tu, sisi tulidhani yuko ndani amelala. Mkono umevunjika, mwili wote wa baridi. Njoo zahanati!"

Subilaga alisimama. Chai ikamwagika kwenye kitambaa cha watu. Bangili ilikuwa bado inawaka mkononi mwake, moto, moto mzuri, na ilimchukua muda kuelewa alichokuwa amekishika mchana wote. Alikuwa ameketi pale akiota moto wa mama yake aliyelala mferejini akimwita.

Aliivua njiani, akaitia kwenye mkoba, akaivaa tena, akaivua tena. Ndani ya gari aliomba lakini maneno hayakuja katika mpangilio. Alisema tu, "Bwana, Bwana, Bwana," mpaka wakafika.

Mama alikuwa amelazwa chini ya mablanketi matatu, mkono umefungwa, midomo imekauka. Alipomwona alitabasamu.

"Nilikuwa naangalia kama unakuja," alisema.

Na ushanga mwekundu kwenye mkono wake mzima ukazimika hapo hapo, kwa sababu Subilaga alikuwa amefika.

*

Msimu wa majaribio ulikuwa unakwisha. Mama alirudi nyumbani na kifua kibaya, na daktari akasema baridi ya milimani itamsumbua mwaka huu. Subilaga hakusafiri tena. Alimwogesha, alimlisha, aliketi naye. Bangili yake ilikuwa baridi kama zamani, na sasa aliuona ubaridi ule kama adhabu aliyostahili.

Jambo moja lilimshangaza. Mama, ambaye tangu Subilaga apate akili alikuwa akiomba asubuhi mpaka uji unapoa, sasa aliomba kwa kifupi sana. "Uwalinde watoto wangu. Amina." Basi. Subilaga alidhani ni kifua.

Siku chache kabla ya baraza, Bupe alipiga simu, safari hii si Jumapili.

"Nimesikia utasema kisiwe."

"Nani kakwambia?"

"Sekela. Usimlaumu, nilimbana." Alivuta pumzi. "Dada, nisikilize. Mimi nakaa juu ya mnara, peke yangu, kutwa. Chini ni nyasi tu mpaka macho yanaishia. Nina dhamana ya minara ile, siwezi kushuka nikaja huko nikitaka. Halafu mkono unapata joto, najua mama yangu ameniwaza sasa hivi, dakika hii hii. Watu wa zamu wananiuliza kwa nini naimba. Wewe una mama. Mimi nina hiki tu."

"Bupe, alivunjika mkono."

"Alivunjika kwa sababu ulikwenda kushona zipu!"

Subilaga alihamishia simu sikio jingine.

"Ukisema kisiwe," Bupe aliendelea, sasa analia, "nitajua umesema kwa wivu. Tangu tulipokuwa wadogo ulikuwa huwezi kuniona na kitu. Nilipopewa viatu vya Krismasi ulivitia matope. Wewe sema ukweli wako kwa hao watu, lakini ukweli wenyewe utakuwa ni huo."

Simu ikakatika.

Subilaga alikwenda kwenye chumba chake akapiga magoti kando ya kitanda. Kwa kawaida alijua namna ya kuanza. Alianza kwa shukrani, kisha toba, kisha haja zake. Safari hii alianza na swali, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemuuliza mwalimu jambo ambalo darasa zima linalijua.

"Bwana, chombo hiki ni kibaya. Nimekiona kwa macho yangu, kitawafanya watu wakimbie nyumba zao ili wapate kutafutwa. Nikisema hivyo nitakuwa nimesema kweli. Lakini Bupe akinyang'anywa nitafurahi. Najijua nitafurahi. Sasa, mtu akisema kweli kwa moyo mbaya, Wewe unaipokea kama kweli? Au ninyamaze, kitu kibaya kiingie kwa watu, ili tu mimi niwe safi?"

Alikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Hakusikia jibu. Alichokipata ni wazo moja tu, tena la kumwaibisha. Katika msimu wote ule yeye na Bupe walikuwa wamegombania joto lililotoka kwa mtu mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza mtu huyo lolote.

*

Ukumbi wa kata ulijaa. Mwenyekiti, Bi Ikupa, mwalimu mstaafu, aliketi mbele na miwani kwenye ncha ya pua. Nsajigwa na waulizaji wenzake walikaa kando, maana hawakuruhusiwa kusema mpaka waulizwe. Bupe alikuwepo kwa sauti. Kipaza sauti kiliwekwa juu ya meza, na kila upepo wa Singida ulipovuma kikatoa mkwaruzo.

"Msemaji wa kaya," aliita Bi Ikupa.

Subilaga akasimama. Aliwaeleza yote, bila kuruka. Aliwaeleza kongamano, na baadhi ya akina mama waliomwekea mikono siku ile wakatazamana. Aliwaeleza Kiwira, chai na mfereji.

"Sasa toa neno lako," alisema Bi Ikupa. "Kiwe au kisiwe?"

"Neno ninalo, mwenyekiti, lakini ni bovu. Nina wivu na mdogo wangu. Ninao tangu zamani, na msimu huu nimeulisha ukanenepa. Nikisema kisiwe, sijui atakayesema ni mimi au ni huo wivu."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasema, "Angalau huyu anakiri, wa kwangu hukana!" Ukumbi ukacheka wote. Bi Ikupa akagonga meza.

"Dada, hatuwezi kurudisha karatasi tupu."

"Basi aulizwe mama. Yeye ndiye joto limetoka kwake."

"Utaratibu unasema msemaji mmoja kwa kaya."

"Ndiyo. Mimi nakaa chini. Msemaji ni yeye."

Na akakaa. Bi Ikupa alipekua utaratibu wake, akamtazama Nsajigwa, Nsajigwa akatazama viatu vyake. Hakuna mahali palipokataza. Mama Tupokigwe akasaidiwa kusimama, mkono mmoja umefungwa kifuani.

"Mimi sijui mambo ya mashine," alianza. "Nitasema la kwangu. Nina watoto wawili. Wote niliwazaa kwa uchungu ule ule. Tangu zamani nikiamka huwa nawaombea, huyu na huyu, kila mmoja na mambo yake. Sasa mlinivika hii. Nikisema, 'Bwana, Bupe asianguke,' taa ya bluu inawaka, na mbele yangu ameketi Subi, anaitazama. Nikajisikia kama mama anayegawa nyama akiangaliwa mikono. Basi nikaharakisha nimtaje Subi, ili na yeye apate. Lakini taa yake haiwaki kwa kutajwa! Nifanyeje? Naanza kujilazimisha kumwogopea aliye mbele yangu ili mwili uruke, taa iwake. Nikachoka."

Alipumzika kidogo, akikohoa.

"Nikaanza kujizuia. Bupe akinijia moyoni, namfukuza. Mwanangu mwenyewe namfukuza! Nasema, nenda, nenda, dada yako ataona. Mwisho nikaacha kuwataja kabisa. Nasema 'watoto wangu' tu, haraka haraka, kabla sura zao hazijaja. Mungu ndiye aliyenipa hawa watoto, na sasa nazungumza naye juu yao kama mtu anayeiba." Akaugeukia mkono wake mzima, akanyoosha bangili kwa Nsajigwa. "Nivue, baba. Kisiwe."

Kwenye kipaza sauti hapakuwa na upepo wala mkwaruzo. Kulikuwa na mtu anayelia akiwa amejiziba mdomo.

Nsajigwa alikuja mbele, akapiga goti, akaifungua bangili taratibu asiuumize mkono ule. Bi Ikupa akaandika.

*

Bupe alipiga simu kesho yake.

"Nimeifunga kwenye boksi, nimeituma," alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Umeshinda."

"Sikusema mimi, alisema mama."

"Ulijua atasema nini."

"Sikujua. Naapa sikujua, Bupe."

"Sawa. Niambie kitu kimoja, na usinidanganye. Umefurahi?"

Subilaga alikuwa uani, anachambua mboga. Aliweka sufuria chini. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa rahisi.

"Kidogo," alisema.

Bupe akacheka, kicheko kifupi chenye uchungu ndani yake. "Shetani wewe."

"Najua. Namwomba Mungu aniondolee, bado hajamaliza." Subilaga alifuta mikono kwenye khanga. "Bupe, sikiliza. Daktari amesema kifua cha mama hakitaki baridi ya huku. Kwako ni kukavu. Mchukue. Mpaka baridi iishe huku, au zaidi, akipenda."

"Nimchukue mama?"

"Nitamleta mwenyewe kwa treni."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Na migomba." Alijaribu kutania, ikashindikana. Mle ndani mama alikuwa akisimuliana na Mama Ngabo, na Subilaga akaisikia nyumba itakavyokuwa bila sauti ile. Wivu ukamchoma tena, mpya kabisa, kama vile haujawahi kukemewa. Bupe ndiye atakayekaa naye kila siku. Bupe ndiye ambaye mama atamshika bega asubuhi akiinuka.

"Dada, mimi sijakaa na mama tangu nimalize shule," Bupe alisema, na sauti ilikuwa imelegea. "Sijui hata anakunywa nini siku hizi. Ni chai ya maziwa bado?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mali yake. Hakuna bangili iliyoyajua. Angeweza kusema, "Utamuuliza mwenyewe," na Bupe angejifunza kwa kukosea, na kila akikosea mama angesema moyoni, Subi angejua. Alilionja wazo hilo. Lilikuwa tamu.

"Maziwa yanamjaza tumbo sasa," alisema. "Mpe uji wa ulezi. Ukiweka sukari atakwambia hujaweka. Usiongeze, mwambie umeongeza. Usimkatie nyama vipande vidogo mbele ya wageni, anaona haya. Mkatie huko huko jikoni. Akisema hana baridi, ana baridi."

"Ngoja, ngoja, polepole."

"Na usimfungie dirisha, anapenda kusikia watu wakipita." Lilikuwa limebaki moja. Hakuwahi kumwambia yeyote, hata mama mwenyewe hakujua kwamba yeye analijua. "Bupe."

"Nakusikia."

"Sikio la kulia halisikii kabisa. Anaficha. Ndiyo maana kanisani anakaa kona ile. Ukitaka kuzungumza naye, kaa kushotoni kwake, ila usimwoneshe kwamba umejua."

Upepo ulivuma muda mrefu kwenye simu.

"Nani mwingine anajua?" Bupe aliuliza.

"Hakuna," alisema Subilaga. "Nilikuwa mimi tu. Sasa tuko wawili."